Chumba cha Pili Kisiwani

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu, Mkuu wa chuo hiki Madam Mokeira, Mchungaji, wazazi mliotoka Kebirigo, Keroka na vijiji vya jirani, na ninyi wahitimu mlioketi mbele: bwakire buya, habari za asubuhi.

Mimi ni Nyasani. Nilisomea ufundi wa umeme hapa baada ya kidato cha nne. Madam aliponipigia simu alisema, "Njoo uwape hawa watoto moyo." Nitajaribu, ila sitawadanganya.

Kwa miaka mitatu nimekuwa fundi wa mtambo wa hidrojeni kwenye kisiwa kidogo ziwani. Mchana jua linatupa umeme mwingi kuliko tunavyohitaji. Ule wa ziada tunautumia kutenganisha maji, tunapata gesi ya hidrojeni, tunaifungia kwenye mitungi. Jua likizama, mtambo mwingine unaigeuza gesi ile kuwa umeme tena, na kinachodondoka mwishoni ni maji matupu. Kina mama wa Sabato, je, ninyi mnahitaji maelezo marefu? Si mnapika Ijumaa ili Jumamosi jiko lipumzike? Nami nilizoea kujaza mitungi Ijumaa kabla ya machweo, na Sabato yote taa za kisiwa ziliwaka huku nimeshika Biblia yangu. Kanisa letu kule lina mshiriki mmoja. Naanzisha wimbo, nangoja sauti ya pili iingie, haiingii, namalizia mwenyewe.

Mama mwenye duka jirani alinikuta siku moja nikiongea na mitungi kwa Kikisii. Akaniuliza, "Fundi, imekujibu?" Nikamwambia bado. Alikwenda kuwasimulia wateja wake, na tangu hapo watu wakipita huniuliza hali ya mitungi kabla ya kuniuliza yangu.

Mwanzoni tulikuwa wawili, mimi na Lewis wa Keroka. Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja akifungua vali, mwenzake anaangalia geji inayopima gesi. Jioni tulibishana ndizi za wapi ni tamu, za kwao au za kwetu, na hoja ile haikuisha. Mwezi wa nne mwaka huu mke wake alijifungua mapacha, naye Lewis akarudi nyumbani. Simlaumu. Yule pale nyuma, amembeba mmoja.

Fundi akiwa peke yake haruhusiwi kujaza mitungi kupita nusu. Kwa hiyo sasa taa zinazimika kabla ya alfajiri, na muuguzi wa zahanati anahamishia chanjo kwenye kasha la barafu. Vijana wa kisiwani wako mafunzoni, lakini hawatamaliza mwaka huu. Kampuni imesema Disemba ikifika bila fundi wa pili, mtambo utafungwa na jenereta ya dizeli itarudi.

Nimewaomba waliohitimu mwaka jana waje. Mmoja alisema mama yake hataki avuke maji. Mwingine alitaka Nairobi. Sharon, aliyewashinda wote katika mtihani wa vitendo, aliniuliza waziwazi, "Kaka, huko nitaongea na nani?" Nimelifikiria swali hilo miezi mingi, na jibu nililolipata ni dogo: utaongea na mimi, nami nitakuitikia.

Wahitimu, Jumapili asubuhi nitakuwa steji ya matatu ya Kebirigo, nikirudi. Chumba cha pili nimekifagia na kukipaka chokaa. Dirisha lake linatazama upande wa nyumbani, ingawa vilima vyetu havionekani kutoka kule. Asiyekuja sitamlaumu. Lakini akija mmoja, Ijumaa tutajaza mitungi hadi mwisho, na mimi nitaanzisha wimbo.

Mheshimiwa, Madam, Mchungaji, wazazi wangu, nawashukuru. Ni muda mrefu sijaongea hivi na watu wakanisikiliza. Asanteni sana.