Mchicha Uliovumilia Sumu

Fundi cherehani alikuwa amepanga kusinzia ndani ya basi mpaka mwisho wa safari, lakini kiti cha mbele kilimnyima usingizi. Muuza mboga alikuwa amemuuliza jirani yake, mtaalamu wa maabara, ile miche aliyopakata ni ya nini. Sasa mtaalamu alikuwa anajuta kujibu kwamba ni ya kujaribia dawa ya mimea inayotengenezwa na maabara yao.

"Mama, nakwambia mara ya tatu. Bustani yako imepakana na karakana ya betri chakavu. Udongo wake una sumu ya madini ya risasi."

"Ulikuwa nayo, mwanangu! Tangu ninyunyizie hiyo dawa yenu ya asidi amino, mchicha umepona."

"Haujapona, umevumilia! Dawa inazisaidia seli za mmea kuikamata sumu na kuifungia ndani, zisife. Sumu yenyewe bado imo."

"Si umesema imefungiwa? Basi shida iko wapi?"

Mtaalamu alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la saruji. "Shida ni mlaji, mama! Yeye anatafuna mfungwa pamoja na gereza lake."

"Wateja wangu hawajawahi kulalamika," alisema mama, akainuka. Basi lilikuwa limesimama. "Kwanza leo wamegombania mchicha wangu."

Hilo lilikuwa kweli. Fundi cherehani alitazama kikapu kilichokuwa miguuni pake. Asubuhi ile alimpokonya mteja mwenzake fungu la mwisho la mama yule, kwa kuwa katika soko zima hakuona mchicha wa kijani kama ule.