Nikushike Wapi?

Bwana apewe sifa, wapendwa! Nawasalimu nikiwa nimeketi, mniwie radhi, miguu yangu leo haitaki kusimama. Na kabla sijaendelea, namwomba mama aliyekaa nyuma yangu asinishike bega nikianza kulia. Nitalia, najijua. Uniache tu nilie, nitanyamaza mwenyewe.

Wengi mnaniita Mama Mawese, kwa sababu nauza mafuta ya mawese na dagaa wa Kigoma pale sokoni. Jina langu ni Agnes. Mume wangu ni Yohana, fundi baiskeli, yule pale karibu na dirisha anayejifanya hasikii.

Ndugu zangu, taabu yangu ilianza kwa sifa. Nilipoanza kunenepa mikono na mapaja, mtaa wetu wote wa Ng'ambo ulinipongeza. "Mama Mawese, umenawiri! Yohana anakutunza!" Wateja wakanitania kwamba mawese nayauza kidogo, mengine nayanywa. Nami nilicheka nao. Hawakujua kwamba ndani ya unene ule kulikuwa na vinundu, vingine kama punje ya karanga, vingine kama ndimu, chini ya ngozi ya mikono, mapaja, na hapa kiunoni ninapofungia kanga. Na vilikuwa vinauma! Viliuma kama jipu lisilotaka kuiva. Na ninyi mnajua salamu zetu watu wa Tabora. Mtu akikushika mkono hauachii mpaka aulize watoto, mvua, na ng'ombe wa shemeji. Mimi nilikuwa natabasamu huku machozi yamenisimama.

Nilikwenda zahanati, nikaambiwa nipunguze kula. Nikapunguza. Nikakonda uso, watu wakaniuliza kama naumwa, lakini vinundu havikupungua hata kimoja.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada, wenye shida waliitwa mbele waombewe. Nikaenda. Nilikwenda kwa imani kabisa, ndugu zangu! Aliyeongoza maombi ni Mama Salome, huyu huyu mnayemwona hapa. Nanyi mnaijua mikono ya Mama Salome, ndiyo inayosonga ugali wa harusi zote za mtaa huu. Akanishika mikono yote miwili, juu ya kiwiko, akakaza. Wengine wakaniwekea mikono mabegani na kiunoni.

Nilipiga kelele. Nikasema, "Niacheni! Mnaniumiza!"

Ndugu zangu, hayo ndiyo maneno ya mapepo! Sote hapa tumeyasikia. Nilipoyasema, kanisa zima likaamka. "Pepo anaungua! Pepo, mtoke!" Wakakaza zaidi. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyonibana, na walivyonibana ndivyo nilivyolia, mpaka nikaanguka nikanyamaza. Waliponiona nimenyamaza, wakashangilia.

Tangu siku ile nikawa mwanamke mwenye pepo. Kwenye zamu ya kupakua chakula cha wageni nikaambiwa nipumzike kwanza, mpaka nifunguliwe kabisa. Nikisema mwili unauma, wanatazamana. Ningejitetea kwa neno gani? Kila neno nililokuwa nalo lilikuwa la pepo.

Nikaacha kuja. Nikaacha na kuguswa. Sokoni niliweka ndoo ya mawese mbele yangu kama ukuta, salamu nikazitoa kwa kichwa. Nyumbani, Yohana alikuwa amenigusa mara moja usingizini nikaruka, na tangu hapo akawa analala ukingoni mwa kitanda, maskini, anaogopa kunigeukia. Alidhani simtaki. Mimi nilidhani amechoka nami. Tulikuwa tunapeana chai bila vidole kukutana.

Kisha dada yangu akafariki, kule Nzega. Dada yangu wa pekee! Msibani watu wanakumbatiana, ndivyo tunavyolia. Mimi nilikaa nyuma ya jiko, karibu na moshi, mtu asinifikie. Nikasikia shangazi yangu akisema, "Huyu hata kulia na wenzake hakulia." Ni kweli. Nilimzika dada yangu na machozi yangu nikarudi nayo Tabora.

Niliporudi, Mama Salome akaja kunipa pole. Nilimwona toka uani anakuja na kikapu cha mchele, nikataka kujificha. Akaingia, akaweka kikapu chini, akafungua mikono yake. Mimi nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nikamwambia, "Usinishike, Mama Salome. Nakuomba." Nikangoja aanze kukemea.

Hakukemea. Alishusha mikono yake, akaitazama, halafu akanitazama mimi. Akasema, "Sasa nikushike wapi, mwenzangu? Nimekuja kukupa pole, siwezi kurudi bila kukushika."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilibaki najikagua mwili wangu, natafuta mahali. Nikapata viganja. Nikamwambia, "Hapa." Akaweka kiganja chake juu ya changu, pole pole, wala hakufumba vidole. Na pale pale nikamlilia dada yangu. Nilimlilia mpaka kanga ikalowa!

Nilipotulia nikapandisha mkono wa gauni, nikakipeleka kidole chake juu ya kinundu. Akashtuka. "Jiwe gani hili, Agnes?" Nikamwambia yako mengi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Siku ile kanisani, ulikuwa unalilia haya?" Nikamjibu ndiyo. Akakaa sakafuni, akajitanda kanga usoni.

Alinipeleka hospitali kubwa yeye mwenyewe. Tulipanda bajaji, na kila shimo alimgombeza dereva. Kwa daktari aliingia kabla yangu, akamwambia, "Daktari, huyu hashikwi hovyo, muulize kwanza." Daktari akauliza. Akanipima, wakachukua vipimo, wakatuita tena. Akasema ni uvimbe wa mafuta unaouma, ugonjwa wa nadra, una jina la kigeni ambalo mimi siliwezi. Akasema dawa ya kuumaliza haipo, lakini maumivu yanaweza kupunguzwa. Akasema, "Hukuupata kwa kula, mama."

Mafuta! Mama Mawese anaumwa mafuta! Nilicheka, Mama Salome akacheka, daktari akatushangaa. Tulikuwa tunacheka na kulia.

Jumapili iliyofuata Mama Salome alisimama mbele yenu, mnakumbuka. Alisema, "Lile halikuwa pepo. Ilikuwa ni mikono yangu." Mungu ambariki, maana si rahisi kiongozi kusema hivyo mbele ya watu anaowaongoza.

Ndugu zangu, msije mkatoka hapa mkasema Agnes amepona. Vinundu vipo. Leo vinauma, ndiyo maana nimeketi. Lakini nimefunguliwa! Nikisema naumwa, naaminiwa. Na Yohana wangu, jioni ile tuliyotoka hospitali, Mama Salome alipokwisha kumweleza yote, alisimama mlangoni na grisi mikononi, akaona haya kama siku ya posa, akasema, "Mama, na mimi nikushike wapi?" Sasa ananiuliza kila siku. Siku njema nampa bega la kushoto. Siku mbaya nampa kidole kimoja, naye anakishika hicho hicho mpaka nalala. Namshukuru Mungu kwa kidole kile!

Namaliza. Labda upo hapa na una uchungu ambao ukiusema watu wanaupa jina lingine. Umeamua kunyamaza, umekaa nyuma ya ndoo yako. Mpendwa, mtumaini Mungu tena, na utujaribu na sisi watu wake mara nyingine. Njoo hapa mbele, kiti kipo kando yangu. Mama Salome yupo, nami nipo. Hatutakurukia. Tutaomba na wewe, lakini kwanza nitakunyooshea kiganja hiki, nikuulize: nikushike wapi?