Mkono wa Golikipa

Fungeni huo mlango, wanangu, na hao waliojaa uani waambieni wasubiri. Wanasema wamekuja kuniaga mimi, lakini tangu asubuhi nawasikia wakimuuliza Clemens kama atarudi langoni msimu huu. Lukresia, niinue kidogo, niwekee mto mgongoni. Shemeji Maganga, wewe sogea karibu, maana ndiwe uliyeendesha baraza la siku ile na leo nakutaka uwe shahidi. Nitasema mara moja tu, pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia.

Mali yangu mnaijua, si nyingi. Ng'ombe wanne na nyumba hii ni vya Lukresia, na asije mwanamume wa ukoo huu akamwambia kwamba mwanamke harithi ng'ombe, kwa sababu niliwanunua kwa pamba niliyoilima mwenyewe baada ya baba yenu kufariki. Majaruba ya mpunga ya kule kijitoni nampa Generoza. Ndiyo, Generoza, yule aliyekuwa mke wa Clemens. Usigune, Maganga, bado sijafika unapopaogopa.

Wewe Clemens, mzaliwa wangu wa kwanza, nakuachia ndoo. Ile ya bati iliyo nyuma ya mlango, ambayo miaka mitano sijaichotea maji.

Mwaka ule wa themanini na tatu timu yenu ya Radi ilikuwa imebakiza mechi moja ichukue kombe, na wewe ndiye golikipa ambaye watu walitoka hapa kwa miguu mpaka Kagongwa kwenda kumwona akidaka. Jumatano ya wiki ile ulimpiga mkeo ngumi ya taya, hapa hapa kwenye ukuta huu nilioegemea, kwa sababu ulikuta ugali umepoa. Nilikuwepo. Niliusikia mfupa. Alianguka akaniita mayu, mama, kama alivyoniita tangu siku uliyomleta, na mimi nikamruka nikakimbilia mkono wako kuutazama, maana ulikuwa umeanza kuvimba.

Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa uani, na hakuna aliyeuliza Generoza ana nini. Waliuliza habari za mkono. Katekista alikuja kuuombea mkono. Wanawake wenzangu walileta mafuta ya kondoo wakaukanda kwa zamu. Mzee Bujiku, fundi wa kuunga mifupa, akaitwa, akakaa kwenye kigoda akakubonyabonya vidole kimoja kimoja, na Generoza kalala hatua tatu kutoka kwake, kajifunga taya kwa kanga. Bujiku alipomaliza akanitazama mimi, akaniuliza, "Mama Clemens, na huyu je?" Nikamjibu, "Huyo anaumwa jino." Nilijua kwamba taya likiungwa, watu watataka kujua limevunjwa na nani. Mzee akafunga mkoba wake akaenda zake, na taya la mtoto wa watu likajiunga lenyewe, upande.

Ijumaa alikwenda peke yake kwenye baraza la sungusungu kushitaki. Maneno yalimtoka pamoja na mate, watu wakacheka, na wewe Maganga ulicheka. Mkaniita mimi niseme nilichoona. Nikasema aliteleza kisimani akaangukia ndoo. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema ileteni hiyo ndoo tuione. Haya, itazameni leo, haina hata mbonyeo. Mkamtenga, kwa kosa la kuichafua timu siku mbili kabla ya mechi: asipewe moto, asipewe chumvi, salamu yake isiitikiwe. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga.

Jumapili mkafungwa mabao manne, na hilo nalo akabebeshwa yeye. Walisema ameuroga mkono, wakaenda kuezua kibanda cha marehemu bibi yake ng'ambo ya kijito, alikokuwa amejihifadhi, na mvua ikamnyeshea mpaka alipokata nyasi mwenyewe akaezeka upya. Wewe Clemens walikuletea mbuzi wa pole.

Miaka mitano yuko pale, moshi wake tunauona. Kiberiti kilipoadimika madukani alitembea mpaka Kagongwa kuomba moto kwa watu wasiomjua, na moto wangu ulikuwa unawaka hapa, angeusikia harufu. Kila asubuhi nilikutana naye kijitoni. Aliniamkia, "Shikamoo mayu," kwa mdomo ule uliopinda, na mimi nikapita na mtungi wangu. Sina la kujitetea. Nilimpenda mwanangu, lakini nilipenda zaidi kuitwa mama yake golikipa. Bucha walikuwa wananikatia maini kabla ya mke wa mwenyekiti. Najichukia, na kujichukia kwangu hakujamnyoosha Generoza taya.

Nipe maji, Lukresia. Tone tu.

Sasa la mwisho. Maganga, nisahihishe nikikosea. Aliyesema neno likamtenga mtu ndiye anayelitengua, kwa kumpelekea moto wa jikoni kwake, mchana kweupe, watu wakiona. Miguu yangu imekwisha, basi moto wangu utabebwa na damu yangu. Makaa yako hapo mlangoni, kwenye kigae. Clemens, utayabeba kwa mkono ule ule. Utapita katikati ya hao wanaokungoja uani, utapita kiwanja cha mpira, utavuka kijito. Utamwambia Generoza kwamba mama yako anaitikia salamu zake zote, anasema marahaba. Akiyamwagia maji makaa usimjibu neno. Na kunizika mimi, msinitie udongo kabla hajajulishwa. Akitaka kuja aje, asipotaka msimseme.

Lukresia, Mungu akutunze, uzae watoto wanaoona haya. Mzee Maganga, nawe akusamehe, mimi sijaweza. Clemens, baraka yako imo kwenye kigae hicho, sina nyingine mahali pengine.

Haya, inuka.

Lukresia, amesimama? Macho yangu... sioni vizuri. Usinidanganye ili nifurahi. Nasikia anasema kitu. Anasema nini? Sema kwa nguvu.

Mkono.

Unamuuma.

Basi chukua wewe, Lukresia mwanangu. Nenda sasa, yasipoe... na ile baraka iende nawe, nimeihamisha. Na hao uani... ukiwapita, waambie mkono bado unamuuma. Waambie waingie... wampe pole.