Fundi Thelathini na Kadi Iliyobaki Mfukoni

Ni nani hapa aliyewahi kukanyaga breki, pedali ikashuka taratibu chini ya mguu kama ameingia kwenye tope, na gari likaendelea na safari zake? Kama hujawahi, na ulikuwa ukipanda magari ya shirika, sababu ni huyu aliyelala mbele yetu, baba yangu, na mimi ni kitinda mimba wake, familia imenipa karatasi hii niisome kama ilivyo, nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bati mkabala na kiwanda cha mbao, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akamsaidia babu kupiga randa, kisha akaingia chuo cha ufundi na kupata cheti cha umakanika tarehe 25 Novemba 1983. Tarehe 2 Mei 1984 aliajiriwa katika karakana ya shirika, yaani miezi mitano tu baada ya cheti kimoja, jambo ninalolisoma kwa heshima na kwa wivu, maana mimi nina degree tangu 2021 na bado naambiwa nilete experience.

Tarehe 21 Desemba 1991 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu mwaka 1993 na mimi mwaka 1998.

Tarehe 16 Agosti 1996 haikuwa kwenye karatasi, nimeiongeza mimi, na mama ameridhia. Siku hiyo mjomba, mdogo wake mama, dereva wa lori la shirika, alimwambia baba, "Shemeji, pedali laini, lakini ukiipampu inapanda," na baba, akiwa na magari manne yanamsubiri, aliongeza mafuta ya breki, akafunga kifuniko, akasema, "Twende kazi, shemeji." Mchana lori lilivaa ukuta wa ghala, na mjomba akapoteza mguu wa kulia, yupo pale na gongo lake, amenikataza nisimlilie, anasema mguu uliobaki unamtosha kucheza harusi yangu, nikipata mchumba mwenye haraka.

Tangu siku hiyo baba hakuwahi tena kuongeza mafuta bila kuuliza yalikokwenda. Aliwasha gari, akaweka mguu juu ya pedali kwa uzito uleule, bila kupampu, yaani bila kukanyaga na kuachia, akahesabu hadi thelathini kwa sauti, madereva wakimcheka, ndiyo maana wengi wenu mnamjua kwa jina la Thelathini tu. Pedali ikibonyea kama sifongo, alisema ni upepo umeingia kwenye mabomba, mafuta yakipungua alitafuta yanakovuja, gurudumu kwa gurudumu, na pedali ikizama yenyewe huku hakuna tone chini, alijua raba za ndani ya masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki, zimekufa, hapo hakuna dawa ila kubadilisha.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili, na baada ya kuhitimu mimi ndiye niliyekuwa mguu wake, hapo uani, Jumamosi kwa Jumamosi, yeye kalala chini ya gari akiita, "Kanyaga. Shika. Usiachie mpaka niseme." Siku moja niliachia mapema, simu ililia nikadhani naitwa kazini, upepo ukarudi ndani, naye akaanza upya kutoka gurudumu la mbali kabisa, bila kufoka, akasema tu, "Ile ya kuajiriwa itakuja, mwanangu, hii imeshakuja."

Tarehe 14 Juni 2023, wiki mbili kabla ya kustaafu, alikanyaga breki ya basi dogo namba saba, ikazama kabla hajafika kumi na tano. Akaomba masta silinda mpya, akatundika kadi nyekundu kwenye usukani, GARI LISITEMBEE, na mkuu wa usafiri akamrudishia ombi lake likiwa na neno moja, Noted, yaani tumeona, pamoja na kadi, aliyoivua mwenyewe. Niliikuta juzi kwenye mfuko wa ovaroli yake.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2024, akalazwa mara tatu, na Jumanne tarehe 18 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mama, alituacha. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, majirani mliotuletea viti na maji, mafundi wenzake mliokesha nasi, na shirika, lililotoa basi la kumpeleka makaburini, kwa nia njema, sina shaka.

Ni basi namba saba. Leo asubuhi nilimwomba dereva ufunguo, nikawasha, nikakanyaga, nikahesabu kama nilivyofundishwa, kwenye kumi na moja mguu ukagusa sakafu, na dereva akaniambia, "Dada, ukiipampu inapanda." Mbele yetu kuna mteremko hadi njia panda, na mjomba ameshatengewa kiti cha mbele.

Baba, toa mguu kwenye pedali sasa, upumzike, tumeshika sisi, na hatutaachia. Wajukuu wa seremala na mafundi wa karakana watakubeba begani, ni mwendo wa dakika arobaini, na mjomba atasukumwa kwenye kiti cha magurudumu kutoka wodi anayohudumu mama.

Nawe mkuu wa usafiri, uliyekaa hapo safu ya mbele, kadi ni hii, hati ya mkono wake bado inasomeka: simama, ukaitundike kwenye usukani kwa mkono uleule ulioivua, kisha ufunguo umkabidhi mama, kabla hatujamnyanyua.