Kesho Kutwa na Zamu ya Pili

Ndugu waombolezaji, majirani, nanyi wa kiwandani mliokuja na nguo zenu za kazi, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu kama tulivyokubaliana jana, pamoja na yale ambayo shangazi alitaka yafutwe.

Marehemu, mliyemwita Kesho Kutwa, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, katika chumba kimoja nyuma ya machinjio, mtoto wa tatu wa baba mchuna ngozi na mama mshona magunia. Alianza shule mwaka 1965, akafika kidato cha pili, karo ikakosekana, naye akaamua kuzifuata ngozi zilikokwenda, yaani kiwanda cha viatu, alikoajiriwa tarehe 3 Februari 1975 kama mfagiaji, akapanda hadi mshonaji, na mwaka 1990 akawa msimamizi wa ukumbi wa kushonea.

Tarehe 20 Juni 1982 alifunga ndoa na mkata soli wa kiwanda hicho hicho, mwanamke asiyemung'unya maneno, wakajaliwa watoto watatu, na wa nne akawa mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo na kumfundisha cherehani yeye mwenyewe.

Mwaka 2004 serikali ilipunguza kodi za matajiri, redio ikasema fedha watakazobaki nazo zitageuka mashine, mashine zitazaa ajira, na ajira zitatufikia sote, naye tajiri wa kiwanda akawakusanya wafanyakazi uani, akatangaza cherehani kumi na mbili mpya na zamu ya pili. Marehemu aliamini, na msimcheke, kwa sababu alimjua baba wa tajiri huyo, mwenye kiwanda wa kwanza, mzee ambaye akipata faida alinunua mashine kabla hajajinunulia shati. Desturi ya kiwanda chao ni kwamba mashine haiingii kabla msimamizi hajachora mahali pake sakafuni kwa rangi ya njano, na pakishachorwa hapakanyagwi, basi akachora visanduku vyote kumi na viwili wiki hiyo hiyo, na kwa miaka minne watu wakavizunguka na mizigo ya ngozi mabegani kama wanaokwepa madimbwi.

Hilo lingekuwa la kuchekesha lingeishia hapo. Lakini alimwambia mpwa wake, ambaye alikuwa na meza yake ya kushonea mlangoni mwa soko, na wateja wake wa kudumu, aiachie, ajiweke tayari kwa zamu ya pili, na kila binti alipouliza ni lini, alijibiwa kesho kutwa, mpaka jina likamganda mjomba mtu.

Tajiri alijenga nyumba mlimani, akaizungushia ukuta, na mke wa marehemu akawa anasema hata mbele ya wageni, "Baba watoto, pesa imeshapanda mlima, nani ataishusha?" Naye marehemu alikuwa akimjibu, "Subira huvuta heri. Na mwashi wa ule ukuta, si kapata kazi?" Mama akamaliza, "Kapata, ukuta umekwisha, karudi kukaa. Ngoja ngoja huumiza matumbo." Huku chini makusanyo ya kodi yalipungua, zahanati ya mtaa ikapoteza muuguzi wa jioni, michango ikarudi shuleni, na wazazi waliobanwa na michango hiyo ndio waliokuwa wateja wa viatu vile, sasa wakawa wanavitia viraka.

Mwaka 2008 marehemu alikwenda ofisini kuuliza waziwazi mashine zitakuja lini, na tajiri hakumdanganya, jambo lililomuuma zaidi. "Fundi, nikileta mashine, viatu nitamuuzia nani? Watu hawana kitu." Alipouliza fedha za punguzo ziko wapi, aliambiwa zimewekwa nje ya nchi, mahali salama. Alirudi ukumbini akapiga magoti, akaisugua ile rangi kwa mafuta ya taa, ikagoma kutoka. Mpwa wake alirudi sokoni akakuta meza ina mwenyewe, na hadi leo anashonea watu vifungo kwenye baraza ya duka la mwingine.

Kifua, kilichochoshwa na gundi, kilianza kumsumbua mwaka 2018. Jioni ya tarehe 2 Machi 2021 alibanwa pumzi, zahanati ikiwa imefungwa, akakimbizwa hospitali kuu, akafariki njiani.

Tunawashukuru madaktari waliomtibu miaka hiyo yote, majirani waliombeba hadi garini, na wafanyakazi wenzake, ambao hawakuacha kumtania hata wodini. Siku zake za mwisho alimwomba mpwa wake msamaha, binti akakataa, na minong'ono imekuwa mingi, kwa hiyo ameomba jibu lake lisomwe hapa: "Mjomba, nikusamehe nini? Hukunikosea. Aliyeahidi kazi si wewe."

Aliyeahidi amefika, tunamshukuru kwa shada la maua, amekaa mstari wa mbele.

Pumzika kwa amani, ndugu yetu. Swali ulilolipeleka ofisini tunalichukua sisi.