Fundi Mwishehe na Oili Iliyonukia Harusi

Ndugu Mwishehe Mwinjuma, Fundi Mkuu wa karakana yetu ya Bagamoyo, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Juni 1978, baada ya utumishi wa miaka ishirini na mitano. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Mwanamvua wa stoo, niandike wasifu wake, eti kwa kuwa nimemfahamu kwa muda mrefu. Sababu ya kweli ni kwamba wengine wote wanamwogopa.

Alianza mwaka 1953, kijana wa Dunda mwenye kaptura moja, akiosha magari ya mfanyabiashara aliyeimiliki karakana hii kabla haijawa mali ya shirika. Ufundi hakuusomea popote ila chini ya magari. Mwaka 1961 alifanywa fundi kamili, na toka siku hiyo hakuna aliyepata kumwambia kitu. Mwishehe ni fundi hodari, na wa kwanza kulisema hilo ni Mwishehe mwenyewe.

Alidai kwamba lori likiwa bado Kerege, yeye huku Bagamoyo hulisikia na kuutaja ugonjwa wake. Siku moja alisimama uani, akainua kidole, akatangaza kuwa gari linalokuja limekufa beringi. Tukatandika turubai, tukapanga spana, tukangoja hadi adhuhuri. Kumbe ilikuwa mashine ya kusaga nafaka ya jirani. Mwishehe hakukubali kushindwa. Alikwenda akaifungua ile mashine, na kweli beringi ilikuwa imekufa.

Oili alikuwa akiipima kwa ulimi. Alichovya kidole, akaonja, akatema, kisha akasema imebadilishwa lini na nani, na huyo nani akaitwa. Mwezi wa Ramadhani alinusa tu, na pua yake haikupitwa mbali na ulimi. Mke wake aliwahi kuniambia kuwa hata mchuzi nyumbani huonjwa hivyo hivyo, ila mchuzi hautemwi.

Lakini nani ataandika habari za Mwishehe aiache ile ya masika ya 1968? Vijana wetu wa sasa wameisikia kwa vipande, na vipande vyenyewe vimetiwa chumvi. Nilikuwepo, nitaieleza ilivyokuwa.

Wakati ule barabara ya Mkange ikishanyeshewa haikuwa barabara tena. Masika yakianza, lori letu la Bedford liliingizwa bandani, likafunikwa turubai, likakaa humo hadi njia ikauke. Mwaka uliotangulia lilipotolewa liligoma, na ufuta wa watu wa Mkange ukaliwa na panya ghalani huku sisi tunasukuma gari. Meneja wetu, Bwana Sadallah, mtu wa Pangani asiyepandisha sauti, alitamka jambo mara moja tu, tena kwa upole: lori likishindwa tena safari ya kwanza, fundi atahamishiwa Manyoni.

Manyoni ni mji mzuri, na wenzetu wa tawi la huko watausoma wasifu huu. Ila Mwishehe ni mtoto wa pekee wa Bibi Bimdogo, na Bibi Bimdogo ni mjane. Mwanawe akienda Dar es Salaam kununua vipuri, humfungia chakula cha kwenda na cha kurudi. Habari ya Manyoni ilipomfikia, mama huyo hakula siku ile.

Masika yakaisha, lori likatolewa bandani siku chache kabla ya safari. Liliwaka mara moja. Mwishehe akaliacha lingurume huku akituhutubia juu ya utunzaji bora, kisha akalizima na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka cheupe. Oili ilikuwa nzito kama tui la kwanza, tena imepanda juu ya alama, na oili haina desturi ya kuzaana.

Kwa wasioijua kazi hii: oili ikigeuka nyeupe, imeingiliwa na maji, na injini ikizungushwa nayo huliwa beringi ikafa kabla ya kufika mbali. Swali ni moja tu, maji yametoka wapi? Mwishehe hakuuliza. Alitangaza kuwa gasketi ya silinda hedi imepasuka na maji ya rejeta yanavujia ndani. Dereva wetu Kibwana akasema kwa adabu kuwa rejeta imejaa pomoni, haijapungua hata tone. Akaambiwa kazi ya dereva ni kushika usukani.

Ikafunguliwa silinda hedi, kazi ya kutwa nzima, nati zimejaa karai. Gasketi ilikuwa nzima. Mwishehe aliigeuza, akaitazama juani, akaigeuza tena, akamwangalia Kibwana kana kwamba ndiye aliyeiziba usiku. Kibwana alikuwa anapiga mluzi.

Kulipokucha Mwishehe akafanya alilopaswa kulifanya mwanzo. Maji ni mazito kuliko oili, na gari likilala hutuama chini. Aliingia chini ya lori na beseni, akalegeza nati ya kumwagia oili pole pole, na kweli yakatangulia maji. Maji ya mvua hayana rangi, na ya rejeta yana kutu. Haya yalikuwa ya manjano, na karakana nzima ikanukia marashi ya waridi. Kibwana alitazama mlangoni kama aliyesikia bibi harusi anaingizwa.

Mwishehe alichovya kidole, lakini hakuonja. Alinusa, akanyamaza. Sisi hatukuwahi kumwona Mwishehe amenyamaza, tukaingiwa na hofu.

Watu wa pwani mmeshaelewa. Kwa wenzetu wa Manyoni nitaeleza: ni kombe. Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa. Bibi Bimdogo alikuwa amekwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Dunda, akamweleza kuwa kuna mgonjwa anakohoa asubuhi, ananguruma, na hataki kuondoka alipo. Mwalimu akamhurumia sana mtu huyo, akaandika. Siku ya pili Bibi akaleta chakula cha mwanawe karakana kama kawaida yake, akamuuliza Kibwana gari hunywea wapi. Kibwana, ambaye alikuwa ameshika kopo la oili mkononi, akamwonyesha kifuniko cha oili. Mwanawe alipokwenda kunawa ili ale, na Kibwana akenda zake, mgonjwa akanyweshwa chupa nzima, na bismillahi juu yake.

Swali lile la Bibi, Kibwana alilikumbuka pale pale mbele ya beseni, akafungua mdomo kulisema. Mwishehe akamkanyaga mguu, kwa sababu Bwana Sadallah alikuwa anaingia.

Meneja akauliza kilichoharibu oili. Sijapata kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea Mwishehe saa ile. Akisema kweli, kazi yake imesalimika, na mama yake atachekwa kutoka Dunda hadi Pangani. Akiificha, kosa ni lake, na Manyoni anaiona. Na huyu ni mtu ambaye, tangu nimjue, hakuwahi kukiri kosa lolote, hata la mashine ya kusaga.

"Ni mimi, Bwana," akasema. "Nilisahau kufunga kifuniko, mvua ikaingia."

Ulikuwa uongo mbovu kuliko wote niliowahi kuusikia, na karakana ni nyumba ya uongo. Banda halikuvuja, kifuniko kilikuwa kimekazwa, na mvua ya rangi ya manjano haijanyesha Bagamoyo. Bwana Sadallah alilitazama beseni, akavuta pumzi ndefu ya waridi, akatoka. Tukajua ndiyo basi.

Tukamwaga oili yote, tukasafisha tumbo la injini, nikatoa gasketi mpya na chujio jipya huku nanung'unika. Tukatia oili, injini ikazungushwa kidogo, oili ikatoka na weupe kwa mbali. Tukaimwaga, tukatia nyingine. Madebe yangu ya stoo yalikwisha nikiyaangalia. Mwishowe kijiti kikatoka na oili safi, Mwishehe akaionja, akatema, akasema liondoke. Akaenda nalo Mkange yeye mwenyewe, amekaa pembeni ya Kibwana na sanduku la nguo mapajani, tayari kwa uhamisho.

Lori lilirudi siku ya pili limejaa ufuta hadi juu ya mbao, halikukohoa hata mara moja. Bwana Sadallah alikuwa anangoja getini. Akafunua boneti, akainama, akanusa. Kisha akafunga boneti akamwambia Mwishehe, "Kamwambie mama mgonjwa amepona. Na asimnyweshe tena."

Mwishehe akalia pale pale getini. Yeye husema lilikuwa vumbi la ufuta. Nami naandika hapa, kwenye karatasi ya shirika, kwamba alilia.

Tangu mwaka ule hakuna gari linalowashwa karakana hii baada ya masika mpaka nati ya chini ilegezwe na kinachotangulia kutoka kitazamwe, na hakuna anayeruhusiwa kutamka neno gasketi kabla hajafungua rejeta. Ni amri ya Mwishehe, na huitoa kana kwamba hakuna aliyewahi kuivunja. Vifuniko vyote vya oili alivipaka rangi nyekundu kwa mkono wake. Injini iliyokufa kwa maji hatujaiona tena. Mafundi aliowafunza wako Kisarawe, wako Tanga, na Manyoni pia wako, na wote wanaonja oili, jambo ambalo mganga wa zahanati ameniomba niliseme hapa kuwa si zuri.

Fundi, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa kelele zako, na kwa uongo mmoja uliotufundisha mengi. Mola akupe afya, usingizi wa mchana, na mchuzi usio na kasoro.

Na wewe Bibi Bimdogo, uliyekaa mstari wa mbele na kanga yako mpya: ulitaka mwanao asichukuliwe, nasi tukamtumia miaka yote hii tukimrudisha kwako kila jioni mchafu. Leo tunamrudisha mapema, amekoga. Mchukue, Bibi, hatumhitaji tena kesho.