Mama Chupa, Aliyeifuta Kazi Yake Mwenyewe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, na mwenye redio aipandishe sauti kidogo. Wiki iliyopita tulimzika mtafiti wa dawa za saratani. Moyo wake ulisimama ghafla, akiwa na miaka sitini na mmoja. Kwenye vyeti alikuwa profesa. Maabarani walimwita Mama Chupa, naye aliitika.

Kwa nini chupa? Kwa sababu humo ndimo alimofuga seli za saratani. Ndiyo, alizifuga, kama wewe unavyofuga kuku. Alizilisha, akazihamisha zikijaa, akazisalimia asubuhi. Kisha akazipa dawa ya kemo, ile ya kuua saratani, tone dogo. Nyingi zilikufa. Zilizobaki akazilea, akaongeza dozi. Miezi kumi hivyo hivyo, mpaka apate seli sugu, zile ambazo dawa haizitishi tena. Alitaka kujua zinanusurikaje.

Nilipomhoji hapahapa studio, aliona nimetoa macho tu. "Wewe si mpenda wageni?" akaniuliza. "Sasa fikiria dawa ni mgeni asiyetakiwa. Anaingia mlango wa mbele, seli inamsindikiza nje kwa mlango wa nyuma, hata hajakaa. Mimi natafuta kufuli la huo mlango."

Na kufuli akalipata. Au ndivyo alivyodhani. Dawa ya pili, ikichanganywa na ile ya kwanza, iliua seli sugu zote za saratani ya matiti chupani. Jarida la sayansi likachapisha. Hospitali ikaandaa majaribio kwa wagonjwa thelathini. Jina la nne kwenye orodha lilikuwa la wifi yake, dada wa mumewe. Alikuwa na saratani ya matiti, na kemo ilikuwa imeshindwa. Daktari alimshauri dawa nyingine, kali. Wifi akagoma. Alikuwa anaisubiri ya Mama Chupa.

Kabla ya majaribio kuanza, fundi wa maabara alizipima seli zile vinasaba, kama utaratibu unavyotaka. Majibu yakarudi: hizi si seli za matiti. Ni za mapafu, za chupa ya jirani.

Mama Chupa akakumbuka. Sheria ya maabara ni moja: kila aina ya seli na chupa yake ya chakula. Siku moja, miaka miwili nyuma, nyumbani wageni kumi na wanne walikuwa wanamsubiri. Akafanya haraka, akalisha aina mbili kwa chupa moja. Seli chache za mapafu zikavuka. Zikakua upesi kuliko wenyeji, zikawamaliza. Narudia, wasikilizaji: miaka miwili alikuwa anapima seli zisizo zenyewe.

Fundi alimwambia kwa upole, "Profesa, hili tunalijua watatu tu. Mimi, wewe na kabati."

"Basi hapa mwenye amani ni kabati peke yake," akajibu, akachukua mkoba wake.

Kabla ya hospitali, kabla ya jarida, alikwenda kwa wifi yake. Huyu hapa wifi mwenyewe, nimezungumza naye juzi:

"Alinikuta namenya viazi. Akakaa, akachukua kisu akanisaidia, vibaya kama kawaida yake, nusu ya kiazi inaondoka na ganda. Akasema, 'Wifi, ile dawa usiisubiri. Nilikosea mimi.' Nikamwambia, 'Nilijua tu, mtu kiazi chenyewe kinamshinda.' Tukacheka. Alipoondoka nikalia, na wiki mbili sikupokea simu yake. Wiki ya tatu nikaenda kuchukua ile dawa kali. Ilining'oa kucha, ikanitoa ladha ya kila kitu. Huu mwaka wa nane, nipo."

Majaribio yakafutwa. Makala akaiondoa mwenyewe jaridani, kwa jina lake. Mialiko ikakatika. Na sisi, nisiwe mnafiki, tulimsema. Hata humu studio tulimsema, tena kwa raha zetu.

Yeye akarudi kwenye chupa. Akaanza upya, miaka mitano. Safari hii mchanganyiko ule uliweza aina tatu tu za seli kati ya ishirini. Lakini tatu hizo ni kweli. Maabara nyingine zimezipima, zikapata hizohizo.

Kwa mumewe, kwa binti yake, kwa fundi aliyeshinda naye miaka yote hiyo, poleni sana. Kwako wewe wifi, pole, na viazi umenye salama.

Nasi tuliobaki, tutulie kidogo. Huenda kuna neno ulishalisema, sasa unajua si kweli, na kuna mtu amekaa mahali analisubiri, amekataa mengine yote kwa ajili yake. Nitanyamaza dakika moja sasa. Kama umeshamkumbuka ni nani, zima redio umpigie. Sitakasirika.